Pluck ya Mume wa Wifi

Thirza Pockley alikuwa binti wa mchinjaji, kwa hiyo neno lililokuja kumkosesha usingizi alilijua tangu akiwa na meno ya utoto. Pluck. Katika bucha ya baba yake kule Flamborough, pwani ya mashariki ya Uingereza, pluck kilikuwa kitu cha kutundika. Ukishampasua kondoo, unaingiza mkono na kuvuta mara moja, vinatoka vyote pamoja, moyo, maini na mapafu, vimeshikamana na koromeo. Unavitundika kwenye ndoano, na wenye mfuko mdogo wananunua wakapike mchuzi. Waingereza wa kale walizitazama nyama zile wakaamua kwamba humo ndimo ushujaa unamokaa, na tangu hapo mtu jasiri kwao ni mtu mwenye pluck. Sisi tumeridhika na moyo peke yake. Wenzetu wametaka na maini. Ukitaka kucheka, cheka. Thirza hakucheka, maana alijua kwamba hata kondoo mwoga kuliko wote anayo pluck yake, nzima, inatoka moshi.

Neno lenyewe lina kazi nyingi. Ukimnyonyoa bata bukini, neno ni hilohilo. Kijana wa mchungaji aliporudi kutoka chuo kikuu bila cheti, kijiji kizima kilinong'onezana kwamba kanyonyolewa huko, yaani kafeli. Na mwanamume anayezungukazunguka mlango wa watu kabla ya kuposa husemwa bado anaunyonyoa ujasiri wake, unyoya mmoja mmoja. Lakini kuna matumizi ambayo wanakijiji hawakuyafanya kamwe kati yao wenyewe, nayo ni kumwambia mtu usoni kwamba ana pluck. Hilo lilikuwa neno la mtazamaji. Lilikuja na wageni kiangazi, likaondoka nao.

Thirza aliolewa kijiji jirani cha Bempton akiwa na miaka ishirini na miwili. Mumewe, Enoch, alikuwa mtu wa mabega mapana, mpole, ambaye hakumaliza sentensi ikiwa kutikisa kichwa kulitosha. Miezi ya baridi alilima mashamba ya watu. Ikifika katikati ya Mei, ndege wa baharini wakishajaa jabalini kutaga, aliwaacha farasi wa jembe akaenda kuvuna mayai na wenzake watatu. Jabali lile ni ukuta mweupe wa chokaa, futi mia nne kutoka kwenye majani hadi kwenye maji. Ndege wale hawajui kiota. Wanataga juu ya mwamba mtupu, kwenye vibao vyembamba kama rafu ya vikombe. Mtu mmoja anashushwa kwa kamba kuyafuata mayai. Watatu wanabaki juu.

Aliyeshuka alikuwa Jesse Artley, mume wa Dinah, na Dinah ni dada yake Enoch, tumbo moja. Enoch alikuwa mshikaji. Mshikaji anakaa kitako hatua chache kutoka ukingoni, visigino vyake kwenye mashimo mawili yaliyochimbwa, kiunoni mkanda mpana wa ngozi, na kamba inapita juu ya mkanda huo. Uzito wote wa mtu aliye chini unamlalia yeye. Nyuma yake walikaa ndugu wawili wa ukoo wa Leng kusaidia kuvuta. Jesse akiivuta kamba mara moja, mpandishe; mara mbili, mshushe; mara tatu, mlegezee kidogo. Enoch hakuona kitu ila majani na mawingu. Alisikiliza kwa kiuno. Alisikiliza hivyo miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote Jesse hakupata hata mchubuko.

Sasa niulize nani alimtazama Enoch. Hakuna. Wageni walikuja kutoka mji wa Bridlington kwa magari ya farasi, na vikapu vyao vya chakula, wanawake wamefunga kofia kwa vitambaa kwa sababu ya upepo. Walilala kifudifudi ukingoni kumtazama Jesse akibembea, akijipiga teke kutoka mwambani na kurudi, mpaka akapandishwa na mifuko imejaa mayai ya kijani na ya buluu yenye michoro kama mwandiko wa mlevi. Walimpigia makofi. Walisema jamani, mtu huyu ana pluck. Halafu walirudi vikapuni kwao, na njiani waliiruka miguu ya Enoch kama mtu anavyoruka kisiki. Siku moja Thirza alimwona kwa macho yake bibi mmoja akimwomba Enoch amshikie mwavuli, na mtu bado ananing'inia kiunoni mwake.

Hilo aliweza kulimeza. Kilichomkwama ni gazeti. Mwandishi mmoja alikuja, akamwona Jesse, akaandika safu nzima, na katikati ya safu hiyo aliweka maneno "pluck ya Jesse Artley". Dinah alilikata gazeti, akalitia kwenye fremu yenye kioo, akalitundika juu ya meko. Tangu siku ile hapakuwa na chai ya Jumapili kwa Dinah isiyokuwa na mgeni wa tatu pale ukutani.

"Karibu wifi, kaa kiti kile," Dinah angesema. "Kile kinakaa vizuri zaidi." Na kile kilikuwa kinaitazama fremu uso kwa uso.

"Naona umepangusa kioo," Thirza alisema Jumapili moja, kiangazi kikiwa kimekaribia.

"Vumbi la makaa, wifi, halina adabu. Na kitu cha heshima ukikiachia vumbi ni dhambi." Dinah akamimina chai. "Nyinyi mna raha. Ukuta mtupu hauna kazi."

"Ukuta wetu haujawahi kuhitaji kusemewa."

"Usininunie jamani. Kaka yangu namjua kabla hujamjua wewe. Kukaa anajua. Alipokuwa mtoto, mama akimweka mahali asubuhi, jioni anamkuta palepale."

Jesse alikuwa mezani, shavu limejaa mkate. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. "Bila Enoch mimi chakula cha kaa," alisema.

"Kula, mume wangu," Dinah akamwambia.

Thirza alirudi nyumbani na wivu wake. Nisije nikaeleweka vibaya: haukuwa wivu wa kumtaka Jesse, Mungu apishe mbali. Jesse alikuwa mwembamba kama ufito na meno yake ya mbele yamevunjika. Wivu wa Thirza ulikuwa wivu wa neno. Alitaka lile neno moja liingie nyumbani mwake likae. Alimwona Dinah kanisani akiimba, akaamini kwamba anaimba kwa sauti ya mke wa mtu mwenye pluck. Alimwona dukani akipishwa foleni, na pengine alipishwa kwa kuwa miguu ilikuwa inamvimba, lakini macho ya mwenye kijicho hayaoni miguu.

Wiki moja kabla ya Pentekoste habari zikafika kwamba gazeti lilelile linamtuma mtu mwenye kamera Jumatatu ya sikukuu. Thirza alikuwa ananyonyoa bata mlangoni mchana, Enoch yuko ndani anakula supu.

"Sasa atapigwa hata picha," Thirza alisema.

"Nani?"

"Nani mwingine. Safari hii fremu mbili." Manyoya yaliruka kwa hasira. "Kwani wewe huwezi kushuka?"

Enoch alitafuna kwanza. "Nikishuka mimi, nani atakaa?"

"Jesse."

"Jesse hajui kukaa."

"Kukaa nako kuna kujua? Hata kuku anakaa."

"Hilo neno unalolitaka nalijua," Enoch akasema, na ilikuwa hotuba ndefu kwake. "Wanampa mbwa mdogo akimbwekea fahali. Wanampa mtoto aliyeng'olewa jino bila kulia. Wanaipa timu iliyofungwa saba bila. Ni neno la kupapaswa kichwa, Thirza."

"Basi na mimi nataka upapaswe. Mara moja tu, nione." Na hapo ulimi ukamponyoka. "Wenzangu wameolewa na wanaume. Mimi nimeolewa na kigingi."

Enoch akaweka kijiko chini. Alivaa kofia yake akaenda kuwanywesha farasi wa tajiri wake, na kwa siku nne hakusema zaidi ya yanayohitajika mezani. Thirza alijua amemchoma. Alijua pia kwamba angeweza kumwomba radhi, na hakuomba, kwa sababu aliona kwamba mkuki umeingia mahali palipotakiwa.

Jumatatu ya Pentekoste kulikuwa na jua na upepo wa kaskazini. Magari ya farasi yalijaa. Mwenye kamera alisimamisha miguu yake mitatu ya mbao karibu na ukingo, na Dinah alikuwa keshasimama karibu naye, amevaa kola ya lesi. Jesse alikuwa anajifunga mifuko begani. Enoch, ambaye wakati huo angekuwa keshaweka visigino mashimoni, alivua mkanda wa ngozi akamnyooshea Jesse.

"Shemeji, leo nashuka mimi. Wewe kaa."

Jesse akacheka, kisha akauona uso wa Enoch, akaacha. Akamtazama Thirza. Thirza akatazama bahari.

Kosa lilikuwa wazi pale kama jua lenyewe. Enoch alikuwa na uzito wa karibu Jesse wawili, na hakuna anayemtundika mzito kwenye kiuno cha mwepesi. Mkubwa wa ndugu wa Leng aliliona, akaenda kukaa mahali pake bila kumzuia. Maana watu wa pwani ile wana mila yao: mtu akitamka mbele za wageni kwamba anashuka, kumzuia ni kumvua nguo hadharani. Ungeweza kumzuia jikoni kwake, ungeweza kumzuia njiani. Ukingoni, na wageni wanatazama, huna ruhusa. Kwa hiyo wote wanne walifanya jambo ambalo kila mmoja wao alijua halifanywi, na walilifanya kwa heshima.

Enoch akavaa kofia iliyoshindiliwa majani makavu kukinga mawe, akasimama ukingoni. Kamera ikalia.

"Jina lake?" mwenye kamera akauliza.

"Enoch Pockley," Thirza alisema, mbio, na akamtajia herufi moja moja. Alimtupia jicho Dinah. Dinah alikuwa amekunja midomo, na Thirza akasikia utamu ambao hajawahi kuusikia kanisani wala kitandani.

Enoch akashuka. Alishuka vizuri, polepole, na wageni wakalala kifudifudi kama kawaida yao. Aliyebadilika ni Jesse. Jasho lilimtoka kabla kamba haijafika nusu. Mtu aliyekuwa anaituma ile mivuto miaka kumi na minane hakujua kuipokea. Upepo ukitikisa kamba, alidhani ni ishara. Ishara ikija, alidhani ni upepo. "Ni mbili au moja?" aliwauliza Leng, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Jamani, ni mbili au moja?"

"Bwana wa kamba," mwenye kamera akaita, "hebu inua uso kidogo."

Na Jesse, aliyezoea kuinua uso akiitwa na watu wa namna ile, akainua.

Kamba ikakimbia. Ilipiga kelele juu ya ngozi ya mkanda, na Jesse akaburutwa mpaka visigino vikatoka mashimoni. Thirza hakukumbuka baadaye alifikaje. Alijikuta amelala juu ya kamba, ameishika kwa mikono miwili, na viganja vinaungua. Ndugu wa Leng walijitupa nyuma kwa uzito wao wote. Ikasimama. Kamba ilikuwa imekwenda pima mbili, labda tatu. Ndege tu ndio waliopiga makelele, na Thirza akangoja. Kisha ukaja mvuto mmoja.

Walimpandisha. Sikio lake moja lilichanika, shavu linavuja damu, na mayai yote mifukoni yamepondeka, ute unamtiririka kwenye suruali. Wageni wakasimama wakapiga makofi kuliko walivyowahi kumpigia Jesse. Mzee mmoja wa mjini akasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo pluck, na wengine wakaitikia. Thirza alilisikia neno akiwa amepiga magoti majanini, viganja vyake havina ngozi.

Enoch alimwendea Jesse. "Ulilegeza."

"Nililegeza," Jesse alisema.

"Haya."

Alhamisi gazeti likatoka. Picha ilikuwa ya Enoch, kofia ya majani kichwani, na neno lilikuwa limechapwa mara mbili. Nisimsitiri Thirza wakati sikumsitiri mpaka hapa: aliitundika. Aliitundika viganja vingali na bandeji, akamwalika Dinah chai, akamwonyesha kiti cha kukaa. Dinah alikaa, akanywa, akasema ni picha nzuri. Thirza alikuwa na furaha siku tano kamili.

Siku ya sita hali ya hewa ilitulia na wanaume wakarudi kazini. Enoch akafunga mkanda wake, akaweka visigino mahali pake. Jesse akavaa kofia na mifuko, akaenda ukingoni, akakaa na miguu imening'inia nje. Akakaa. Ndugu wa Leng walitazamana.

"Shemeji?" Enoch akamwita.

"Mwili hauendi," Jesse alisema. Alijaribu kujisukuma, na mikono ikashika majani yenyewe. "Enoch, mimi sikuwa najua. Miaka yote ile nilikuwa naruka tu. Kama vile kamba imefungwa kwenye kitu."

"Imefungwa kwangu."

"Ndiyo. Na mimi nimekaa hapo ulipo. Nimejua mtu anavyolegea." Akavua kofia. Mtu mzima alikuwa analia bila kujificha, na hakuna aliyemcheka. "Hukulegeza hata siku moja, na mimi siwezi tena kushuka. Unaona lilivyo?"

Msimu ulikuwa na wiki nne mbele. Ndege hawangoji mtu apone, na kipande cha jabali kisichoshukwa hupewa kundi jingine. Ndivyo sheria yao ilivyo. Mmoja wa Leng alikuwa na mgongo mbovu, wa pili alikuwa na watoto saba na akasema wazi kwamba hata kwa shoka hashuki. Enoch akafikiri kidogo, kisha akafungua mkanda.

"Basi nashuka mimi. Utakaa?"

"Nitakaa," Jesse alisema. "Kukaa nimeshajifunza."

Thirza alipopata habari alimfuata mumewe mpaka zizini. Alimshika mkono. "Enoch, acha. Nilisema upuuzi. Ule ulimi wangu tu, unaujua."

"Hukusema upuuzi. Nilikuwa nimekaa sana." Hakuwa na kinyongo, na hilo lilimwogopesha Thirza zaidi ya kinyongo. Akaendelea kumsugua farasi. "Halafu kule chini pazuri, Thirza. Ndege wanakupita hapa, karibu na uso. Miaka kumi na minane hakuna aliyeniambia."

Ikawa hivyo mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Leo ukiuliza kijijini habari za Thirza Pockley, watakuambia ni yule mwanamke aliyekuwa anakwenda jabalini kila siku ya msimu, mvua jua, anakaa nyuma ya Jesse Artley bila kusema na mtu. Nguo alifua jioni. Mkate alioka alfajiri. Saa za kamba alikuwa pale, na macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Jesse. Alijua kidole gani kinatangulia kuchoka. Jesse akikohoa, yeye alishika majani.

Dinah alikuja saa sita na chakula. Alikaa ubavuni kwa mumewe, mgongo ameupa bahari, akamtoa majani kwenye koti, akamsimulia habari za nguruwe wao. Mikono ya Jesse ilikuwa na kazi, kwa hiyo Dinah alimlisha keki ya maziwa mgando kipande kwa kipande. Jesse alikuwa ameanza kuota kitambi.

"Usimlishe akiwa na kamba," Thirza alisema.

"Kinywa hakishiki kamba, wifi."

Pale ukingoni wageni walikuwa wamelala kifudifudi, na mmoja alikuwa anasema maneno yanayosemwa.

"Unawasikia?" Dinah aliuliza. Hakuwa anamchoma. Alikuwa ameshiba, jua linampiga mgongoni, mume yuko hapo mkono unapofika. "Wanamsifu mumeo. Wanasema ana pluck."

Thirza alimtazama Dinah akimpangusa mumewe makombo kwenye masharubu, na wivu ukampanda, mchungu kuliko wote aliowahi kuuonja, maana safari hii alichokuwa anakionea wivu kilikuwa chake kwa miaka kumi na minane.

"Nawasikia," alisema, na hakuyaondoa macho kwenye mikono ya Jesse.